Mashine Zilizoogopa Kupumzika

Mjane wa Bakari alinikumbatia, akaipokea pole yangu, kisha nilipokaa kwenye jamvi pembeni yake akaivuta pochi yake iliyokuwa katikati yetu, akaipitisha nyuma ya mgongo na kuiweka upande wa pili. Hakufanya kwa dharau. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba, na nadhani hata hakujua kwamba mkono wake umefanya kitu. Lakini mimi niliona, na hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hii Bakari hakuwahi kumwambia mke wake ukweli. Nilikuwa nimevuka na pantoni kutoka Kigamboni asubuhi ile, nimejifunga kanga, nimejiambia njia nzima kwamba nakwenda kumzika mtu aliyenifundisha kushika bisibisi na mengine yameshapita. Getini nilikutana na Damasi, tuliyefanya naye kazi kwa Bakari, sasa mvi kichwa kizima, tukapeana mkono kama watu waliokutana benki. "Pole na msiba, Dija," alisema, nami nikamjibu, "Tumeshapoa," nikaingia ndani kwa wanawake. Nikakaa. Ndipo ile pochi ikahama.

Watu wakiandika habari za ujana wao huanza na babu, kijiji na shule. Mimi nauruka mlolongo huo, maana wazazi wangu hawakuwa na mkono wowote katika jambo hili. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi kwa Bakari, Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, ghorofa ya tatu. Tulikuwa tunatengeneza kompyuta. Tulipaita fremu, yaani duka, kwa heshima tu, lakini kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na ubao wa plaiwudi usiofika darini. Mbele kulikuwa na meza ya kupokelea wateja, viti vya plastiki na feni iliyokuwa ikigeuka huku inalalamika. Nyuma ya ubao ndiko nilikokaa mimi na taa yangu, natoa vumbi, nabadilisha grisi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nafunga na kufungua. Dirishani alikaa Damasi, kijana wa Masasi, mtaratibu, ambaye kazi yake ilikuwa ya kwenye kioo: kuweka programu, kutafuta mafaili yaliyopotea, kusoma mitandaoni wenzetu wa ng'ambo wanafanya nini. Chini ya jengo kulikuwa na maduka ya vitenge, na harufu ya marobota mapya ilipanda ngazi pamoja na ya mihogo ya kukaanga. Halafu kulikuwa na muziki. Jengo zima lilikuwa likipiga muziki tangu maduka yanafunguliwa mpaka yanafungwa, kila fremu na wake, na sisi tulikuwa na wetu.

Mwaka ule makontena yalikuwa yanashusha laptopu nyembamba zilizotumika, nyepesi, nzuri machoni, zenye prosesa za kula umeme kidogo. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye baridi. Zikifika Dar, kabla hata ya saa nne asubuhi zimeshachemka. Na prosesa ikichemka hupunguza mwendo ili isiungue, kwa hiyo mteja anakaa akisubiri ukurasa mmoja ufunguke mpaka usingizi umpitie. Damasi ndiye aliyegundua njia. Kuna programu inayokuwezesha kuipunguzia prosesa volti, unaiambia ifanye kazi ileile kwa umeme mdogo kuliko iliopangiwa kiwandani, basi joto linashuka na mwendo unarudi. Unapunguza kidogo, unajaribu. Unapunguza tena, unajaribu. Bakari akaipa kazi hiyo jina la dayati, kama ya mtu anayejinyima chakula apungue. Jina likakamata kama moto wa makuti. Watu walikuwa wanapanda ngazi wanahema, kumbatio limejaa laptopu: "Nimeambiwa hapa ndiyo kwenye dayati?" Na tulikuwa tunajua kuitangaza. Mashine ikishapewa dayati, Damasi aliiweka mezani, anaifungulia muziki, inaimba mpaka mwenyewe arudi kuichukua. Mteja akiikuta inaimba, ya baridi, haipigi kelele, anacheka peke yake. Ndiyo ilikuwa alama ya fremu yetu. Hakuna mashine iliyotoka pale bila kuimba kutwa nzima.

Nimeshawafundisha vijana wengi baadaye, na nikiwasimulia habari hii huwa nawauliza kosa liko wapi. Hawalioni. Hata sisi hatukuliona.

Malalamiko yalianza kwa mteja wetu mkubwa, Mzee Salehe, wakala wa forodha aliyekuwa na ofisi Posta na mambo yake yote bandarini. Alikuwa ametuletea laptopu za ofisi nzima, na neno lake kwa mawakala wenzake ndilo lililokuwa likitupandishia watu ngazi. Siku moja akaja mwenyewe, kanzu imemganda mgongoni, akaiweka moja mezani. "Inastaki," alisema. "Naandika vizuri, nakwenda kuswali, nikirudi imestaki. Kipanya hakiendi, kioo kimeganda." Damasi akaiwasha, akaiwekea nyimbo, ikaimba mpaka tukafunga. Haikustaki. Mzee akaichukua, kesho yake akairudisha. Wiki ile wakaja na wengine, na wote wimbo wao ni mmoja: hapa kwenu mzima, kwangu mgonjwa. Mwanamke mmoja mwalimu alisema aliiacha kidogo tu akakoroge uji wa mtoto. Kijana mmoja alisema aliiacha mezani akateremka kununua vocha. Nikiyakumbuka maneno hayo leo najiona nataka kujizaba kofi, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake. Walikuwa wanatuambia wazi kwamba mashine zinakufa wakizipa mgongo. Lakini Kariakoo mtu akisema aliacha kitu chake akarudi akakikuta kibovu, masikio ya kila mtu yanasikia jambo moja tu, kwamba kuna mkono umepita.

Lazima nieleze, kwa asiyejua, hofu ya wateja wetu. Mtu akileta mashine kwa fundi hapendi kuondoka. Anakaa kwenye kiti, anakodoa macho, maana amesikia kwamba mafundi wanachomoa memori nzuri na kuchomeka mbovu. Wengine walikuwa wanakuja wameshaweka alama zao ndani, mkwaruzo wa msumari au herufi ya jina. Ilitokea kweli kwenye fremu nyingine, sikatai. Kwa hiyo Mzee Salehe alipokuja mara ya tatu hakutaja dayati kabisa. Alimvuta Bakari kwenye ngazi, na mimi nilikuwa nyuma ya ubao nikisikia kila neno. "Kijana wangu, mimi sisemi kitu. Ila mashine zangu zilikuwa nzima. Angalia watu wako."

Bakari akaanza kuangalia watu wake. Siku za kwanza alifanya kama utani: tukifunga, anasimama mlangoni, "Haya jamani, uwanja wa ndege huu, mabegi," anachungulia begi la Damasi, anachungulia langu. Halafu la Damasi likaachwa. "Si kwa ubaya, dada," alikuwa akiniambia, huku mkono unapekua mpaka kwenye kitambaa cha ndani. Sababu alikuwa nazo, na nilizisikia kupitia ubao uleule. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mashine, Damasi hafungui. Mimi nilikaa nyuma peke yangu. Na mimi nilikuwa nimekuja na viatu vipya. Viatu vyenyewe nilinunua Mtaa wa Congo, vya mtumba vilivyopigwa rangi, lakini Bakari alivitaja kama ushahidi. "Huyu binti viatu kavipata wapi?" alimuuliza Damasi. Nikatega sikio nisikie Damasi atasema nini, maana Damasi tulikuwa tumevinunua naye, yeye ndiye aliyenipunguzia bei kwa maneno yake matamu. Alisema, "Mi sijui, bro." Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Si kwa Bakari, kwa Damasi.

Tulikuwa tunakula sinia moja. Mama Semeni alikuwa akitupandishia chakula mchana, wali maharage na mchicha, Ijumaa pilau na kachumbari, nasi tunaburuta ndoo, tunaweka sinia juu, tunakula kwa mikono huku tunachekana nani ana tonge kubwa. Bakari alipenda ukoko na sote tulimwachia. Siku moja Mama Semeni akaja na sahani tatu. Nikamuuliza, "Leo vipi, mama?" Akajibu bila kuniangalia, "Nimeambiwa niwatenganishie." Tulikula kila mtu na sahani yake, kila mtu ameelekea kwake, vijiko vinagonga. Tangu hapo nami nikaanza kushuku kama wenzangu. Nilimshuku Bakari, kwamba anachomoa mwenyewe na kunitwisha mimi, kwa sababu droo yake ilikuwa na kufuli na hakuna aliyejua mna nini. Nilimshuku Damasi, kwa sababu mtu asiye na jambo hakani viatu. Nikienda chooni nilikuwa nazima taa yangu na kuhesabu skrubu mezani. Nikirudi nahesabu tena.

Nikapata wazo la kujiokoa. Nilikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na mashine za Mzee Salehe ziliporudi tena nikaitia kila memori nukta moja pembeni kabla hazijatoka. Niliwaza kwamba zikirudi na nukta zangu, basi hakuna aliyebadilisha kitu. Zikarudi, zimestaki kama kawaida, nikafungua mbele ya Bakari. Nukta zote zipo. "Umeona, kaka Bakari? Ni zilezile." Akaangalia kwa muda, akanitazama usoni, akasema, "Rangi ni yako, dada. Unaweza kupaka popote." Hapo nikaelewa kwamba mtu akishakushuku, kila unacholeta kujitetea kinamwongezea kesi. Nilirudi nyuma ya ubao nikalia bila sauti, na muziki ukanisaidia wasinisikie.

Aliyenitoa gizani ni maiti. Mzee mmoja muuza vitenge, mpangaji wa siku nyingi wa pale chini, alifariki asubuhi, na habari ikapanda ngazi fremu hadi fremu. Pale kwetu mtu wa jengo akifa hakuna anayehitaji kuambiwa: maduka ya chini yanashusha milango nusu, na kila fremu inazima muziki mpaka maiti izikwe. Damasi akazima nyimbo za mashine zilizokuwa mezani. Zilikuwa nne, zote zimeshapewa dayati, zinangoja wenyewe. Hatukuzizima, tulizima muziki tu, zikabaki zimewaka hazina kazi. Sijawahi kulisikia jengo lile hivyo. Ulikuwa unasikia nyayo ngazini, mtu anakohoa ghorofa ya pili, honi za barabarani zinatoka mbali. Tulikaa wote watatu mbele tunangoja mazishi, Bakari na tasbihi yake, na mimi kwa kukosa pa kuweka macho nikawa naangalia saa ndogo kwenye kona ya kioo cha laptopu moja. Nikaona kama haisogei. Nikaangalia simu yangu, nikarudi kwenye kioo. Saa imesimama. Nikainuka nikagusa kipanya. Kimekufa. Nikagusa ya pili, hai. Tukaendelea kukaa, sasa macho yote kwenye meza, na kabla jeneza halijapita mtaani ile ya pili nayo ikaganda mbele yetu, hakuna aliyeigusa.

"Zinakufa zikipumzika," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Damasi alikuwa ameshaelewa. Akafungua programu yake kwenye mashine ya tatu, akatuonyesha kwa kidole. Prosesa ikifanya kazi inavuta umeme mwingi, ukiipunguzia kidogo haijali. Ikikaa bure inajishusha yenyewe mpaka kwenye umeme mdogo kabisa unaoweza kuiweka hai, na sisi tulikuwa tunapunguza na hapo pia, kiasi kilekile. Tulikuwa tunaikatia chakula wakati ambao tayari imefunga. Na kwa kuwa sisi tulizijaribu kwa kuzichosha, kwa muziki kutwa nzima, hatukuwahi kuziona zimetulia. Alirudisha volti kidogo kwenye zile mashine mbili zilizoganda, tukaziacha kimya zimewaka siku nzima. Hazikustaki. Dawa ilikuwa nyepesi hivyo. Nilimtazama Bakari nikitegemea neno, hata dogo. Nilikuwa tayari kusamehe kwa "pole" moja. Bakari akasema, "Sawa. Tutazirekebisha zikija. Wateja wasijue." Jioni akasimama mlangoni akapekua begi langu.

Kabla ya Ijumaa Mzee Salehe alikuja. Bakari alimpokea kwa kahawa, nami nilikuwa kwenye kiti changu nyuma. Nilisikia kikombe kikitua, nikasikia Bakari anashusha sauti. "Mzee wangu, samahani sana. Nimemjua. Ni yule binti. Alikuwa anachezea memori, nimeshambana arudishe. Mashine zako utazipata nzima." Nilikaa nikiwa nimeshika bisibisi. Nilielewa hesabu yake. Akisema ukweli, itabidi akiri kwamba dayati, iliyompa jina mjini, ndiyo iliyoharibu mashine za watu. Akinitaja mimi, kazi yake inabaki safi na binti mmoja anaondoka. Nilikuwa na njia ya kunyamaza, nisubiri mwisho wa mwezi, niondoke kimya. Lakini mji wa mafundi ni mdogo, na fundi aliyeitwa mwizi hapati meza popote.

Nikatoka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia marahaba bila kutaka. Nikaiweka mbele yake mojawapo ya laptopu zake ambayo Damasi hakuwa ameirekebisha bado, nikaiwasha, kisha nikazima muziki wa fremu. "Mzee, naomba uiangalie hii. Usiiguse. Mimi nakaa hapa, mikono yangu unaiona." Nikakaa, mikono juu ya magoti. Bakari alianza kusema kitu, mzee akamwinulia kiganja. Alikunywa kahawa yake taratibu, akaongezewa, akanywa tena. Nilikuwa naiomba mashine ife. Ikafa. Saa ikasimama, mzee akagusa, hakuna.

"Hakuna aliyeiba," nilisema. "Ni dayati. Namba za umeme zimeshushwa mno, ikitulia inakosa umeme. Memori zako ni zilezile ulizoleta."

Mzee akauliza, "Namba hizo nani kaweka?"

Nilimwangalia Damasi. Nilimwangalia kwa nguvu zangu zote, na Bakari naye alimwangalia. Damasi alikuwa kijana wa kuja, amepanga kwa Bakari chumba cha uani, hana ndugu mjini. Aliangalia vitufe vya kompyuta yake. Akaanza kuvifuta vumbi.

"Unaona, mzee?" Bakari akasema kwa upole. "Hata kuziua anajua zinauliwaje."

Mzee Salehe akatikisa kichwa, kwa huruma nadhani, akabeba mashine zake. Mimi nikachukua begi langu. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyelipekua. Nilipita fremu nyingi Kariakoo nikiomba kazi, na wote waliniuliza swali moja, "Wewe si ndiye wa kwa Bakari?" Ndiyo maana nikavuka maji na kuanza Kigamboni, meza moja chini ya baraza, ambako hakuna aliyenijua. Nimeishi vizuri, sikosi kitu. Nilirudi kwa Bakari mara mbili kumwomba alisafishe jina langu, mara zote akanikaribisha soda, akabadilisha mazungumzo.

Sasa nilikuwa kwenye jamvi lake, na maiti yake ikiwa chumba cha pili. Walipokaribia kumtoa, kaka yake akatangaza nje kwa kipaza sauti, nasi tukamsikia dirishani: mwenye kumdai marehemu aonane na familia, na tuliobaki tunaombwa tumsamehe. Wanawake wote wakaitikia, "Tumemsamehe." Mimi mdomo ulikataa. Mama Nasra, mjane, alikuwa amekaa karibu, akatambua.

"Mbona hujaitikia?" aliniuliza taratibu.

"Namdai, Mama Nasra."

"Kiasi gani?"

"Si hela. Alisema nimeiba, na alijua sikuiba."

Akanigeukia uso mzima. "Ndiyo umengoja afe?"

Swali la haki. Mimi mwenyewe ningeuliza hivyo hivyo. "Nilimwambia akiwa hai," nilimjibu. "Alinikaribisha soda. Muulize Damasi, yupo nje."

Nilidhani atanifukuza. Alimwita binti yake, akamnong'oneza, na baada ya muda Damasi akaja mlangoni, viatu mkononi, hathubutu kukanyaga ndani kwa wanawake. Mama Nasra akamuuliza bila kuzunguka: huyu aliiba? Nikamwona Damasi anatazama chini kama siku ile, nikasema moyoni, yaleyale. Kisha akainua kichwa.

"Hapana, shemeji. Kosa lilikuwa langu mimi. Namba zile niliziweka mimi, nikaogopa kusema."

"Na mume wangu alijua?"

Damasi akanitazama. Ningeweza kumtikisia kichwa aseme hapana. Sikutikisa.

"Alijua, shemeji."

Mama Nasra akajifunika kanga usoni akaanza kulia upya, kilio kingine kabisa, na waliokuja kumtuliza nikawaomba wamwache. Nilikaa naye bega kwa bega mpaka walipokuja kubeba jeneza. Lilipopita mbele yetu alinishika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Msamehe, Dija. Na mimi nitajaribu."